Baridi Ndani ya Chupa ya Chai

Jumamosi asubuhi Mzee Friza aliisuuza chupa ya chai, akaingia nayo bafuni, akailaza chini ya bomba, mahali ambapo baridi ilikuwa nzito kuliko kwingine kote. Alisubiri mpaka ikajaa, akafunga kifuniko.

"Imetosha?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Imefika shingoni."

"Kaza vizuri. Siku ile ulipompelekea fundi aione, uliimwaga kwenye mkoba wangu, kitambaa cha kichwa kikasimama kama bati."

Baridi hiyo haikuwa ya msimu. Nje jua lilikuwa limetoka na majirani walikuwa wanaanika nguo. Ilikuwa baridi ya kampuni. Mzee Friza aliitumikia ujana wake wote katika ghala la baridi la kiwanda cha nyama, akibeba mapaja ya ng'ombe begani, na kila jioni alirudi na baridi nyumbani ndani ya nguo. Watoto walikuwa wadogo. Mkewe hakutaka wakohoe, kwa hiyo alimwambia awe anavulia nguo bafuni na kufunga mlango. Ndivyo ilivyoanza kurundikana humo, leo kidogo, kesho kidogo, na hakuna aliyewaza kufungua dirisha.

Wafanyakazi waliomba makoti. Waliomba kwa adabu, kisha wakaomba bila adabu. Meneja alitoka akasimama juu ya ngazi za ofisi, yeye mwenyewe akiwa amevaa koti, akawaambia kwamba mtu anayechapa kazi hasikii baridi. Koti lilikuwa la kahawia, lina manyoya shingoni na kifungo kimoja kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Haya yanaandikwa hapa kwa sababu siku hizi wapo wanaosema hakuna aliyewahi kuomba koti.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na kupiga naye picha. Baridi haikustaafu. Kioo cha bafuni kiliota barafu, sabuni iliganda kwenye kisahani, na taulo zilizotundikwa zilisimama zenyewe. Ukizivuta kwa pupa zinavunjika pembe. Familia ikahamia kuogea kwenye beseni jikoni, kwa zamu, na wakazoea.

Lakini sasa binti yao, kitinda mimba, alikuwa na mimba kubwa, na alitaka akijifungua aje kukaa kwao. Mama mkwe wake alikuwa na bafu la vigae vya waridi, na alikwisha kutangaza kwamba mjukuu ataogeshwa kwake.

"Kwenu mtoto ataogea wapi?" alimwambia binti. "Kwenye friza?"

Tangu siku hiyo mke wa Mzee Friza alikuwa anakata vitunguu kwa hasira.

Dukani, Jumamosi hiyo, muuzaji wa vifaa vya bafu alikuwa na futi ya kupimia shingoni na kikombe mkononi. Walimweleza wanachotaka: ile ngazi ya mabomba ya umeme inayofungwa ukutani, inayopasha taulo na kuondoa ubaridi chumbani. Aliitazama chupa ya chai.

"Samaki au nyama?"

"Nyama," alisema Mzee Friza.

"Afadhali. Ya samaki huwa inaniachia harufu. Karibuni tujaribu."

Mke alikuwa ameshachagua. Alisimama mbele ya ngazi nyembamba ya rangi ya dhahabu, iliyopinda kama shingo ya bata maji, akaishika kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo yangu. Mkwe akiiona hii atameza ulimi."

Muuzaji akaiwasha. Mzee Friza akalegeza kifuniko kidogo tu. Ngazi ya dhahabu ikapiga chafya, ikazima.

"Hiyo ni ya watu wa ofisini," alisema muuzaji bila kinyongo, akawapeleka kwenye ya pili. Hiyo ilikuwa nyeupe, na ilizungumza na simu ya mwenye nyumba. Kifuniko kilipofunguliwa, simu ya muuzaji ikalia. Ilikuwa ngazi yenyewe, inaomba ruhusa ya kurudi nyumbani mapema. Muuzaji akairuhusu.

"Huna nyingine?" mke aliuliza, sauti imeanza kupanda. "Binti yangu anakaribia kujifungua, baba. Sina muda wa ngazi zenye visingizio."

"Ipo moja. Ila ni mbaya, mama."

Ilikuwa kwenye kona, nyuma ya masinki, nene, ya kijivu, vidato vyake kama mbavu za ng'ombe. Muuzaji alikuwa ameanika juu yake koti lake la mvua. Aliliondoa, nalo lilikuwa limekauka vizuri. Mzee Friza akafungua chupa yote. Baridi ikatoka taratibu, ikaizunguka ngazi mara moja, ikapanda kwenye kidato cha chini, ikakaa. Ngazi haikutikisika.

"Imeipenda," alisema muuzaji.

"Jamani, lakini sura!" Mke aliizunguka, akaitazama kwa nyuma, akaona nyuma ni mbaya zaidi. Akamtazama mumewe, aliyekuwa ameinama anaikusanya baridi kuirudisha kwenye chupa, akiibembeleza kama kuku. "Haya, tuchukue. Hata huyu nilimchukua akiwa mbaya, na hajazima mpaka leo."

Muuzaji alicheka mpaka akamwaga chai.

Fundi alikuja na glavu za sufu. Alitoboa ukuta, akaifunga ngazi mbali na maji, akaunganisha waya, akawasha, akapisha njia. Baridi ya miaka yote ikateremka darini, ikatoka nyuma ya kioo, ikatoka ndani ya bomba, ikajikusanya mbele ya ngazi kama wafanyakazi wanaozunguka birika wakati wa mapumziko. Ilikuwa haijawahi kukaribishwa mahali popote. Ilipopata joto la kutosha ilinyoosha mgongo, ikatoka dirishani, ikashika barabara ya kiwandani. Mzee Friza akaifuata na kandambili zake ili isipotee.

Getini mlinzi aliizuia.

"Haina kitambulisho."

"Ni yenu," alisema Mzee Friza. "Nimewarudishia."

Mlinzi akapiga simu ofisini. Aliitikia ndiyo, ndiyo, bosi, akakata. "Wanasema kampuni haijawahi kutoa baridi nje. Yote iko ndani."

Wakati huo meneja alipita uani. Ni mtoto wa yule wa zamani. Koti lilikuwa lilelile. Mzee Friza alikitambua kifungo chenye uzi mweusi. Aliiacha baridi imekaa kando ya geti, akarudi nyumbani akipiga mluzi, kwa sababu bafu lilikuwa linamngoja, na alioga mpaka mkewe akagonga mlango.

"Mzee, umelala humo?"

"Naimba!"

"Nasikia. Ndiyo maana nagonga."

Mtoto alizaliwa, msichana, ana sauti ya mpiga mnada. Mama mkwe alikuja kukagua kwa kiganja chake. Aligusa ukuta, akagusa taulo, akafungua mdomo kuhusu sura ya ngazi, akaufunga. Akaomba kiti. Kisha akaomba chai aletewe humohumo bafuni.

"Mkwe, sebule ipo," alisema mke wa Mzee Friza, mtamu kama asali.

"Sebule nimeiona. Acha nikae hapa."

Jioni king'ora cha kiwanda kililia, na vijana wa zamu wakapita chini ya dirisha. Hawakuwa na makoti. Kila mmoja alikuwa na baridi yake mgongoni, changa bado, ukubwa wa paka. Msichana mmoja alisimama aliposikia mtoto akipiga maji mateke, akamwona Mzee Friza dirishani.

"Shikamoo, babu. Humo ndani kuna joto?"

"Marahaba. Lipo. Wewe nguo za kazi unavulia wapi?"

"Bafuni, ili wadogo zangu wasikohoe."

Mzee Friza akaipitisha chupa ya chai dirishani.

"Ijaze, nenda nayo dukani. Ya dhahabu usiihangaikie. Chukua ile mbaya, ya kwenye kona."

Msichana akaipokea kwa mikono miwili.

"Na makoti, babu? Nyinyi mliyaomba?"

"Tuliyaomba."

"Wakasemaje?"

Mzee Friza akamwambia. Msichana akaanza kucheka, kwa sababu ndilo neno waliloambiwa na meneja asubuhi hiyohiyo, kutoka juu ya ngazi zilezile za ofisi. Mzee naye akacheka. Walicheka mpaka baridi iliyokuwa mgongoni kwa msichana ikaamka na kujikunyata upande wa pili.

"Baba!" kitinda mimba aliita kutoka ndani, sauti ya mama mkwe ikimsaidia. "Dirisha! Mtoto anaoga!"

Mzee Friza akafunga dirisha.