Nafasi ya Chuk

Siku ya Jumanne, baada ya swala ya Alasiri, Pak Darmanto aliivua saruni aliyoendea msikitini, akavaa suruali iliyonyooshwa pasi na shati la batiki la rangi ya kahawia, akaitia chak yake katika mfuko wa mchele uliofuliwa mara mbili, akapanda baiskeli. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Miaka arobaini katika hiyo aliipitisha katika karakana za batiki za mji wa Solo, akigonga vitambaa kwa mhuri wa shaba, na alasiri zake zote alizipitisha katika muziki wa keronchong, ule wa magitaa madogo na fidla.

Chak ni gitaa dogo la kukumbatiwa kifuani, na mwenziwe ni chuk, ambayo ni ndogo zaidi. Hakuna hata moja kati ya hizo yenye wimbo mzima. Chuk ikitia sauti, chak hunyamaza. Chuk ikinyamaza, chak hutia. Na sikio la msikilizaji ndilo linalozifuma zikawa nguo moja, kama mtande na mshindio. Kwa miaka thelathini na minane Pak Darmanto alitia pale aliponyamaza Pak Sutikno. Pak Sutikno alifariki mwezi wa Rajabu, na kilichobaki mikononi mwa mwenziwe kikawa ni nusu ya kila wimbo alioujua. Nyimbo zenyewe zilikuwa mia mbili na kumi.

Alikuwa na hofu moja, wala hakumficha mkewe, Bu Warsinah. Vidole husahau mapema kuliko kichwa, na nusu isiyokutana na nusu yake hufumuka kidogo kidogo kama pindo la nguo. Alitaka bendi, naye aliitaka kabla ya Ramadhani.

Bendi tatu zilikwisha kumjibu. Zilimwambia kwa upole kwamba Jumba la Kenanga, linaloandaa tamasha la kila mwaka, halimpandishi jukwaani mpigaji aliyepita miaka arobaini na mitano, ili sanaa ihuike. Bendi ya nne, aliyokuwa akiiendea sasa, ilikuwa na mtu mmoja. Jina lake Yoga, na alikuwa na kinanda cha umeme kilichobeba ndani yake fidla, filimbi, ngoma, chak, chuk na makofi ya watazamaji.

"Piga peke yako, Pak, nikusikie," alisema Yoga.

Hilo ni kosa ambalo watu wa keronchong hawalifanyi. Ni sawa na kumtaka mtu aamkie na ajiitikie mwenyewe. Lakini Pak Darmanto alikuwa mwenye haja, na mwenye haja hachagui mlango. Akapiga. Kila aliponyamaza, tundu lenye ukubwa wa sahani ya chai lilifunguka hewani mbele ya kifua chake. Kila alipotia, lilizibika. Katika ubeti wa pili kipaza sauti cha Yoga kiliponyoka kikapita tunduni, nacho hakikurudi.

"Mbona unapiga kama mwenye kwikwi, Pak?"

"Hiyo ni nusu, Mas Yoga. Nusu ya pili alikuwa nayo Pak Sutikno."

"Si umwite aje?"

"Ametangulia mbele ya haki."

"Inna lillahi." Yoga akapapasa hewa mahali kilipokuwa kipaza sauti chake. "Pole sana. Lakini angalia mwenyewe, Pak, kinanda hiki kina kila kitu. Nikikuchukua, utakaa wapi?"

Pak Darmanto akakitazama kinanda, akaona kwamba kweli hapakuwa na pa kukaa. Yoga akampa kisanduku cha vitafunio, kama ilivyo ada, ili mgeni asirudi mikono mitupu.

Siku ya pili yake alikaa sebuleni akapiga nusu zake, kwa kuwa nusu ni bora kuliko kimya. Bu Warsinah alimwekea sahani ya tempe ya kukaanga, vile vipande vya soya iliyochachushwa, juu ya kigoda, karibu mno na kifua chake, na katika nafasi moja ndefu sahani ile ikaponyoka ikapita tunduni.

"Hiyo sahani ni ya seti," alisema Bu Warsinah. "Iambie irudi."

Katika wimbo wa tatu, tundu lilipofunguka, iliingia sauti ya chuk. Iliingia mara moja, mahali pake hasa, haikutangulia wala haikuchelewa. Pak Darmanto hakuacha kupiga, kwa maana kumkatiza mwenzako katikati ya jibu ni utovu wa adabu. Akatia, ikaitikia. Wakaenda hivyo hadi mwisho wa wimbo. Kisha, kabla tundu halijazibika, ukatokea mkono wa mwanamke mzee, wenye bangili mbili nyembamba, ukaiweka sahani juu ya kigoda. Ndani yake mlikuwa na wali wa kunata uliofungwa katika majani ya mgomba.

"Huyo ni mtu aliyelelewa," alisema Bu Warsinah akifungua jani. "Hakurudisha sahani tupu."

Baada ya siku nne alikuja mjumbe wa mtaa, Pak Giyanto, akiwa na daftari lake. Kwenye kila kichochoro cha Solo pana kibao kinachosema kwamba mgeni akaaye zaidi ya siku moja sharti aripotiwe, na Pak Giyanto alikuwa amekipaka rangi upya kibao cha kwake.

"Pak Darmanto, majirani wanasema humu ndani mna mkono."

"Upo, Pak. Huja baada ya Alasiri."

"Hulala?"

"Hapana. Hurudi kwao kabla ya Magharibi."

"Basi hauandikishwi." Akafunga daftari, akachukua wali wa kunata. "Ila nimesikia ni wa mwanamke. Unapokuja, mkeo awepo."

"Lini sikuwepo?" alijibu Bu Warsinah kutoka jikoni. "Miaka arobaini na minane nimo humu. Uliza mwiko!"

Jioni ile, wimbo ulipofika penye nafasi pana, Bu Warsinah aliinama tunduni akauliza, "Ninyi wa nyumba gani?"

"Nyuma ya reli, karibu na kiwanda cha barafu," ilijibu sauti. "Na tempe yenu haina chumvi."

"Kesho nitakutilia ya kukutosha, mama, ulie."

Mwenye mkono aliitwa Mbah Kasiyem, yaani Bibi Kasiyem, mjane wa miaka sabini na sita. Alipokuwa na miaka kumi na saba alipeleka chuk yake kwa bendi ya mtaani kwao, akaambiwa kwamba katika keronchong mwanamke huimba. Akaimba, wakamwambia asiimbe. Tangu hapo alipiga jikoni kwake, akifuata redio, na hakuwahi kukaa na bendi hata siku moja.

"Miaka hamsini na tisa naijaza nafasi ya mtu," alimwambia Pak Darmanto siku alipokuja mwenyewe kwa baiskeli ya abiria ya miguu mitatu, amevaa kebaya, blauzi yake ya sikukuu, "na mtu mwenyewe simjui."

"Ningekujua mapema, ningekuja kukuposa kwenye bendi."

"Mapema ulikuwa na Sutikno wako. Kaa, tupige, mgongo wangu hausubiri maneno."

Walikaa wakakabiliana, magoti yakiachana nusu hatua, na Bu Warsinah kando yao akimenya vitunguu. Wakapiga. Tundu la ukubwa wa sahani halikufunguka, kwa kuwa nafasi ile ilikuwa imejaa. Badala yake, upande wa kabati la nguo, pakafunguka tundu kubwa kiasi cha mlango, mahali panapokaa fidla kubwa katika kila bendi, ile inayopigwa kwa vidole ikalia kama ngoma. Ng'ambo ya pili alionekana mzee amekaa katika banda la gari la binti yake, fidla kati ya magoti, mgongo wima, kama mtu anayengoja kuitwa jina.

"Mmechelewa," alisema.

Huyo alikuwa Pak Ngadiman, mwenye miaka themanini, aliyeondolewa katika bendi yake mwaka Jumba la Kenanga lilipotoa kanuni ya umri. Tangu wakati huo alikuwa akikaa bandani kila alasiri, amejiandaa. Akapita na kiti chake. Binti yake akachungulia nyuma yake, akawaamkia wote kwa heshima, akaomba baba yake asipewe vitu vya sukari.

Pak Giyanto alikuja akalipima tundu kwa futi, akaandika katika daftari: mlango wa ziada. Akauliza kama unafungika. Aliambiwa hufungika muziki ukikoma.

Hivyo Pak Darmanto akapata bendi, na Ramadhani ilikuwa bado wiki tano. Bu Warsinah aliimba, kwa sababu wimbo ulikuwa ukimpitia jikoni kwake na yeye hakuona sababu ya kuuacha upite bure. Vidole vya Pak Darmanto vilikumbuka nyimbo saba alizodhani zimekwisha fumuka. Mbah Kasiyem alikuwa na kiburi cha mtu aliyejifunza bila mwalimu, na Pak Ngadiman alikuwa na tabia ya kusinzia kati ya nyimbo, lakini si ndani yake.

Wakaenda wote wanne Jumba la Kenanga kujiandikisha kwa tamasha. Karani alikuwa mpole. Aliwapa chai, akazitazama tarehe zao za kuzaliwa, akazitazama tena.

"Kanuni ni kanuni, Mbah," alimwambia Kasiyem. "Lakini msidhani hatuwaheshimu wazee. Safu yote ya mbele tumewawekea ninyi viti, tena vya mito."

"Na kitini nipige nini? Magoti?"

"Mtatazama, Mbah."

"Mwanangu, kutazama nimeanza kabla mama yako hajazaliwa."

Karani alicheka, wao wakacheka, na majina yao hayakuandikwa. Njiani Pak Darmanto aliikokota baiskeli yake mbele ya wenziwe. Walipofika penye reli Pak Ngadiman alimgusa bega. "Jumapili tunafanya mazoezi, au tumenuna?"

"Tunafanya mazoezi," alisema Pak Darmanto.

Jumapili ile ndiyo iliyokuwa siku ya tamasha. Saa nne asubuhi Yoga alipanda jukwaani na kinanda chake, akabonyeza kitufe, na sauti zote zikatoka kwa pamoja: fidla, filimbi, ngoma, chak, chuk. Kila sauti ilikuwepo, na mwenye sauti hakuwepo hata mmoja. Haikupita nusu ya wimbo, nyuma ya Yoga pakafunguka tundu lenye upana wa jukwaa zima.

Ndani yake mlionekana sebule ya Pak Darmanto, na kabati, na kalenda ya duka la mchele, na birika juu ya mkeka. Wazee watatu walikuwa wakipiga, na Bu Warsinah akiimba huku mwiko u mkononi, kwa sababu alikuwa na mafuta jikoni. Wao nao waliliona Jumba na watu mia tatu wamekaa. Pak Darmanto aliwainamia kichwa, kama umwamkiavyo jirani aliyefungua dirisha, akaendelea. Yoga aliondoa mikono kwenye kinanda ili asikie.

Mtangazaji aliwaomba walio mbele wasivushe miguu ukingo wa jukwaa. Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi mpaka njiwa wakaruka paani. Bu Warsinah akavuta sahani ya tempe, akaipitisha kwa wazee wa safu ya mbele, waliokuwa wamekaa juu ya mito yao.

"Chumvi imekaa?" aliuliza.

"Imezidi," walimjibu.

"Mlaumuni Kasiyem."

Zikapigwa nyimbo tisa. Kisha waamuzi walisimama wakasema kwamba muziki ulikuwa mzuri ajabu, na kwamba jukwaani palikuwa na mpigaji mmoja aliyesajiliwa. Kombe akapewa Yoga. Tundu lile halikufungika muziki ulipokoma, labda kwa ukubwa wake, na Jumba liliweka vyungu vya maua ukingoni ili watoto wasianguke sebuleni mwa watu. Kanuni za mwaka uliofuata zilipobandikwa, tundu lilikuwa limetajwa miongoni mwa vifaa vya Jumba, pamoja na viti na feni. Umri wa wapigaji ulishushwa ukawa miaka arobaini, ili sanaa izidi kuhuika.

Pak Darmanto alizisoma kanuni zile kupitia tunduni, bila kutoka nyumbani, kwa maana ubao wa matangazo ulikuwa hatua sita tu kutoka kabatini. Alizisoma mara mbili. Kisha akakaa akaanza kukaza nyuzi, kwa kuwa Alasiri ilikwisha swaliwa na wenziwe walikuwa wakimtazama.

Siku hiyo Yoga alivuka vyungu vya maua, kinanda begani, akasimama pembeni ya mkeka.

"Naomba ruhusa nikae, Pak."

"Una miaka mingapi?" aliuliza Mbah Kasiyem.

"Thelathini na miwili, Mbah."

"Mchanga mno," alisema Pak Ngadiman bila kufumbua macho. "Kanuni ya hapa ni sabini kwenda juu."

"Atakua tu," alisema Bu Warsinah, akamwekea sahani.

Yoga akakaa. Wakaanza wimbo mwepesi, na yeye, kwa mazoea, akapiga kila kitu: ya chak, ya chuk, ya fidla na ya filimbi, akaziba kila penye mwanya, ilhali safari hii wenye sauti walikuwepo. Nyuma yake lile tundu likaanza kusinyaa. Kingo zake zikavipita vyungu vya pembeni, zikaficha nusu ya Jumba.

"Pisha!" alipaza sauti Mbah Kasiyem. "Pisha mwenzio, mwana we, njia ya kwenu inafungwa!"

Yoga akageuka, akaona. Akaunyanyua mkono wa kushoto, akaushikilia hewani hivyo, akimwachia Mbah Kasiyem nafasi yake. Tundu likatulia, likiwa na upana wa kumtosha mtu mmoja mwenye kinanda kurudi nyumbani.