Aproni ya Bengta

"Bila mimi hakuna vita katika nyumba hii," Gunvor alipenda kusema, kisha akaongeza mwenyewe, "maana nani angewachemshia kahawa?" Alikuwa na miaka sabini na miwili, na kazi yake katika ofisi moja ya mji wa Kristianstad, Uswidi, ilikuwa vumbi, kahawa na maandazi ya mdalasini ya saa tisa. Wenzake walitengeneza mchezo wa kompyuta wa vita vya zamani, pale Wadenmaki na Waswidi walipoligombania jimbo la Skåne.

Aliyepanga nani atawale wapi mchezoni ni mmoja wao, Valfrid. Alihesabu askari wa kila jeshi, akapunguza nguvu yao kwa kila mto na kila maili, na kijiji kikachukua rangi ya jeshi lililolizidi jingine hapo: njano kwa Waswidi, nyekundu kwa Wadenmaki. Kikigeuka rangi, jeshi jipya lilikula ng'ombe na kuchoma nyumba za waliolitumikia lile la zamani. Wakulima aliwapa nguvu ya sufuri.

Jumatatu saa tisa, Bengta, mkulima wa kijiji cha Torpaslätt mle mchezoni, alitoka kwenye skrini ya Valfrid, akaacha viatu mlangoni kama wengine, akaketi. Aproni yake ilikuwa ya njano. Gunvor alimpa kikombe.

"Bwana mkubwa," Bengta alimwambia Valfrid, "tumegeuzwa mara sita tangu kupanda hadi kuvuna. Kila mara tunaapishwa, kila mara tunachomwa kwa kiapo cha jana. Tupe moja. Moja tu, na sisi tuwe na uzito."

"Niite Valfrid," alisema Valfrid. "Nitaangalia."

Jumanne aproni ilikuwa nyekundu, pindo limeungua. Jumatano njano, na kijijini zimebaki nyumba nne. Watu walisogeza viti kumpisha. Mmoja alinung'unikia majivu kwenye zulia.

"Wewe makombo yako hujayaokota tangu Krismasi," Gunvor alimjibu. Kisha akamgeukia Valfrid. "Na hiyo moja ina uzito gani hata isiinuke?"

"Nikiwapa wakulima moja, Gunvor, majeshi yanakwama. Hayasogei."

"Si ndiyo vizuri?"

"Nani atanunua mchezo wa vita ambao majeshi hayasogei?"

Ijumaa Bengta alikuja na ufunguo mkononi. "Imebaki nyumba yangu," alisema.

Valfrid alimega andazi. "Nimekwisha kurekebisha, Bengta. Tangu asubuhi. Moja yenu mnayo. Torpaslätt sasa ni yenu wenyewe, hakuna jeshi litakalo..."

Wekundu ulianzia pindoni mwa aproni. Ulipanda polepole, ukapita magoti, ukafika kiunoni. Kwenye skrini ilitoka harufu ya nyasi za paa zinazoungua. Bengta aliuweka ufunguo kando ya kikombe, kwa kuwa ulikuwa umepata moto, akapuliza vidole.

Gunvor alimwongezea kahawa. Meza nzima ilimtazama Valfrid, naye akalitazama andazi.

"Asubuhi ya lini?" Gunvor aliuliza.