Amefika Mbele Yangu

Swali la kumi na nne lilimchelewesha Jerlean Mabry, wala si kwa ugumu wake. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimegoma tena, ikabidi akisukume kipanya cha kompyuta kwa kiganja kizima, kama mtu anayefuta meza. Alikata mapaja ya kuku kiwandani miaka kumi na moja. Nguvu za vidole alizoacha huko hakuna aliyemrudishia.

*Mthibitishaji wa hati anaruhusiwa kugonga muhuri kwenye hati ambayo yeye mwenyewe anahusika nayo?*

Akabonyeza Hapana.

*Aliyesaini asipofika mbele yako, lakini unaujua mwandiko wake, unaruhusiwa kugonga muhuri?*

Aliutazama mlango wa Bwana Haskew, uliokuwa wazi nusu. Akabonyeza Hapana.

Ishirini kwa ishirini. Kompyuta ikampongeza kwa nyota za rangi.

"Umepita?" Bwana Haskew aliuliza kutoka ndani.

"Nimepita, bwana."

"Si nilikwambia? Mtihani wa watoto huo."

Alikuja na fomu ya kuhuisha leseni ya Jerlean ya kuthibitisha hati, ameijaza mwenyewe. Haskew alikuwa na miaka thelathini na nne, na Jerlean arobaini na tisa. Haskew alimwita kwa jina tupu, Jerlean, naye akaitwa Bwana Haskew, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa jambo la kuzungumza. Ofisi ilikuwa yake: kuuza viwanja na bima. Dhamana ya muhuri alilipa yeye, na ada alilipa yeye. Tangu benki ifungwe, muhuri wa Jerlean ndio uliobaki peke yake mjini.

"Saini hapo chini."

Hapo chini paliandikwa: *Naapa kwamba katika miaka minne iliyopita sikuvunja sheria yoyote ya uthibitishaji.*

"Bwana Haskew. Ile hati ya Februari."

"Hati gani?"

"Ya Bi Ozella Tarver. Hakufika hapa."

Haskew akakaa kwenye kona ya meza, taratibu, akitabasamu.

"Alisaini barazani kwake, mimi nikiwepo. Nikakuletea. Nikakuuliza, unaujua mwandiko wake? Ukasema nini?"

"Nikasema naujua."

"Unaujua au huujui?"

"Naujua."

"Basi una nini leo?" Akamsogezea kalamu. "Sikia. Mtu wa kupokea simu tu simhitaji, simu naweza kupokea mwenyewe. Ninayemhitaji ni mtu mwenye muhuri. Kama hutaki, nimeona bango kiwandani, wanaajiri wakata nyama zamu zote mbili."

Jerlean akasaini.

Mwandiko wa Bi Ozella aliujua kweli. Ulikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia aliyopewa akiwa na miaka tisa, zawadi ya shule ya Jumapili, na Bi Ozella ndiye aliyekuwa mwalimu. Ulikuwa kwenye kadi zote za Krismasi baada ya hapo. Ndiyo maana aliona. Tangu Bi Ozella apate kiharusi, herufi zake zilitetemeka na kupanda mlima kuelekea kona ya karatasi. Herufi za ile hati zilisimama wima kama nguzo za ua. Jerlean aliliona hilo Februari, palepale, kabla hajagusa muhuri. Akaugonga kwa mikono miwili, kwa kuwa mmoja haukuweza. *Leo amefika mbele yangu Ozella Tarver, ninayemfahamu mimi mwenyewe.*

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, muhuri mpya ukafika kwa posta. Ulikuwa wa kisasa, wenye wino ndani, unaohitaji kubonyezwa kwa kidole kimoja. Haskew alikuwa ametoka kuwaonyesha wateja kiwanja. Jerlean alikuwa akiujaribu kwenye bahasha chakavu, ukatoa jina lake jeusi, safi, kila herufi mahali pake, mlango ulipofunguliwa.

"Mtoto wa Lucius! Mbona umekonda hivyo? Huyo bosi wako mzungu hakulishi?"

Bi Ozella aliingia na fimbo mkono mmoja na mfuko mkono wa pili. Ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha mafuta, pikapu ya Shemasi Purvis wa kanisani kwao, aliyemleta, ilikuwa imeegeshwa, shemasi akiijaza mafuta. Jerlean akaondoka kitini, akamshika mama huyo kiwiko, akamketisha.

"Ungenipigia simu, Bi Ozella. Ningekufuata."

"Kufuatwa nimechoka. Chukua." Akatoa chupa ya jamu ya tini, bado ina uvuguvugu. "Mti safari hii umezaa kama umerukwa na akili."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa kanisani hawakumlipa Jerlean, naye hakuwadai. Walileta pai, mboga, samaki wa kukaanga ndani ya karatasi ya alumini. Wala hakuwaomba kitambulisho. Kumwomba kitambulisho mtu aliyekushika siku ya ubatizo ni kumtukana.

Lakini Bi Ozella alikuwa ameshafungua pochi, akaweka kadi juu ya meza, nusu ikiingia chini ya daftari la kuandikia mihuri.

"Wakili mmoja kijana wa msaada wa sheria kaniambia kwenye simu, siku hizi lazima kitambulisho hata kama mnajuana. Nikamwambia, huyo mtoto nimemfundisha Amri Kumi mimi! Akasema lazima. Haya, ndiyo mimi huyo. Sura kama jini."

"Ni ya nini, mama?"

"Ya uongo wa watu." Akatandaza karatasi mbili. "Eti nimeuza shamba. Ekari arobaini za babu, kwa kampuni sijui ya misonobari gani. Eti nilifika mbele ya mtu wa muhuri nikasaini. Nilifika kwa miguu ya nani?" Akacheka, kisha kikohozi kikamkamata. "Hebu wewe mwenye macho, nisomee ni nani huyo."

Ilikuwa nakala ya nakala. Sahihi ilionekana. Muhuri ulitoka doa jeusi, isipokuwa mkia wa herufi ya kwanza ya jina, uliopinda kushoto, kama ndoana. Jerlean aliinamia karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hausomeki," akasema.

"Basi. Wakili kasema atajulikana hukohuko mahakamani. Sasa hii nyingine ndiyo kiapo changu kwamba sikuuza. Ukishagonga, naituma kwa ile faksi ya duka la dawa. Ifike kesho kabla ya saa sita mchana, la sivyo jaji anafunga jalada." Akachukua kalamu. "Nisaini wapi?"

Muhuri mpya ulikuwa palepale, kando ya bahasha. Jerlean aliutazama. Akilini akaona jina lake safi, jeusi, chini ya kiapo cha Bi Ozella, na wakili akiliona, na wakili huyohuyo akiinua hati ya Februari, ile halisi yenye jina hilohilo, kwenye mwanga wa dirisha.

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

"Kugonga. Nimetoka kufanya mtihani juzi. Kuna hati siruhusiwi."

"Hati gani? Ya kusema kweli?"

"Ni sheria tu, Bi Ozella. Ni sheria."

Bi Ozella akauweka chini mfuko wake. Akaushika mkono wa kulia wa Jerlean, akavikunjua vidole viwili vilivyogoma, kimoja kimoja, akavisugua kwa kidole gumba chake kigumu.

"Ni mkono unaokusumbua? Sema. Nitabonyeza mwenyewe, wewe uelekeze tu."

"Si mkono."

"Maana kile kiwanda kimewamaliza."

"Si mkono, mama." Sauti ilimtoka kwa ukali asioutaka. Akauvuta mkono. "Nenda mahakamani, makao ya wilaya. Wao watakugongea."

"Maili thelathini na moja?"

"Ndiyo."

"Leo?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu. "Leo wanafunga saa kumi. Kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi Purvis anasafishwa damu hospitalini." Bi Ozella alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayepanga vitu kwenye rafu na kuona havitoshi. Akazikunja karatasi zake. Kwa mkono wa kiharusi, ikamchukua muda. Jerlean hakumsaidia. Alikuwa akitazama chupa ya jamu.

"Haya, sheria ni sheria," Bi Ozella akasema akinyanyuka. "Heri wewe unayeifuata. Huyo mwenzako angeifuata, nisingekuwa hapa nakusumbua."

"Chukua jamu yako, mama. Sijafanya kazi yoyote."

"Usinitukane, mtoto. Umeniambia ukweli. Kula unenepe."

Mlango haujatulia, Haskew akaingia kwa mlango wa nyuma, viatu vyake vina udongo mwekundu.

"Kikongwe alitaka nini?"

"Muhuri. Kwenye kiapo."

"Ukagonga?"

"Sikugonga."

"Safi." Akaiona chupa. Akatoa kisu kidogo cha mfukoni, akafungua kifuniko, akachota tini moja, akala. "Mwandike daftarini basi. Anayekataliwa naye anaandikwa, si umefunzwa? Tufuate utaratibu."

Jerlean akaandika tarehe. Akaandika jina. Akafika kwenye safu ya mwisho.

"Sababu niandike nini?"

Haskew aliramba kisu akifikiri.

"Hakuwa na kitambulisho."

Akaandika. Vidole vilimuuma, na herufi zikatoka zimepinda, zikipanda kuelekea kona.

"Mungu wangu, tamu hizi," Haskew akasema. "Ni za ule mti wa karibu na kisima, eh? Basi mwambie achume zote wikendi hii. Tingatinga linaingia Jumatatu."

Jerlean alinyanyua daftari ili alifunge. Chini yake ilikuwepo kadi. Bi Ozella pichani hakuwa na kofia yake ya kanisani, nywele chache, macho yamekodolewa, kama mtu aliyeamshwa ghafla akaambiwa asimame ukutani.

Aliiokota. Nje, pikapu ya Shemasi Purvis, Bi Ozella akiwa ndani, ilikuwa imefika ukingoni mwa barabara, taa ya kukata kona ikiwaka na kuzima. Ilikuwa ikisubiri lori la kuku lipite kuelekea kiwandani. Lori lilikuwa refu, kreti juu ya kreti, na manyoya meupe yalikuwa yakipeperuka nyuma yake na kunata kwenye kioo cha ofisi.

"Jerlean," Haskew akaita. "Hatuna biskuti?"

Alisimama na kadi mkononi, akijaribu kuvikunja vidole viishike vizuri. Lori lilikuwa bado linapita.