Mashine Haijui Ua

Mimi ndiye mdarizi wa karakana yetu ya sare za shule, na hasira zangu zinajulikana mpaka kwa muuza vifungo. Kwa hiyo bosi alipoleta mashine ya kudarizi inayoendeshwa na kompyuta, akaiweka dirishani hapohapo ninapokaa mimi, wenzangu wote walinitazama usoni.

"Ijumaa," bosi akaniambia, "utaiamuru ishone nembo ya sweta, bila kusaidiwa. Ukiweza, mashine ni yako. Ukishindwa nitatafuta anayeweza, maana kazi ya kudarizi kwa mkono imekwisha hapa."

Jibu lilinifika mdomoni, nikalimeza. Sijui kazi nyingine, na watoto wangu wanakula kwa sindano hiyohiyo. Nikajiapiza: kitu kilichoundwa na binadamu hakinishindi.

Kijana aliyekuja na mashine, ambaye tulimwita Mwalimu, hakunigusisha hata kompyuta. Alinipa chaki! Kisha akamsimamisha wifi yangu, dada wa mume wangu, mpiga pasi wetu, mbele ya meza ya kukatia.

"Huyu ndiye mashine," akasema. "Atafanya unachomwambia, hicho tu, hata kiwe cha kijinga."

"Hapo umempata mwenyewe," nikasema, nikamkabidhi wifi chaki. "Chora ua."

Wifi akaganda kama nguzo, chaki mkononi.

"We! Nimesema chora ua!"

"Mashine haijui ua," Mwalimu akasema. "Inajua kwenda, kugeuka na vijambo vingine vichache. Anayejua ua ni wewe. Livunje liwe hatua ndogondogo, kila moja iwe wazi, zifuatane mpaka kazi iishe. Mpangilio huo ndio algorithimu. Ukiuandika kwa lugha ambayo mashine inaielewa, tayari umeandika programu."

"Haya. Nenda mbele!"

Wifi akaenda. Chaki ikamaliza kitambaa, ikamaliza meza, ikapanda kwenye shati la Mwalimu mpaka begani.

"Hukuniambia nisimame, wifi yangu," akasema, macho makavu kabisa.

Karakana nzima ilivunjika mbavu. Mimi nilitoka nje, nikanywa maji, nikarudi. Aibu iliniuma, lakini kuacha kungeniuma zaidi.

Tangu hapo, kila mapumziko ya mchana nilikuwa na wifi mezani. Nenda kidogo, simama, geuka kulia. Alikuwa mashine yenye mdomo, lakini alinivumilia. Siku niliyogundua kwamba sihitaji kueleza kila petali, kwamba naeleza moja, nageuka kidogo, kisha nasema "rudia mpaka uzunguke lote", nilipiga kelele wakadhani nimejichoma. Mwalimu akanihamishia kwenye kibodi, nikaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, huku nikiitukana taratibu.

Ijumaa ikafika. Bosi akasimama nyuma yangu, mikono kifuani. Nembo ilikuwa ua juu, kitabu chini. Nikabonyeza.

Ua likatoka safi, mpaka nikasikia watu wakivuta pumzi. Kisha sindano ikateremka kwenda kwenye kitabu ikishona njia nzima. Mstari mwekundu kutoka ua hadi kitabu, katikati ya sweta!

"Inatosha," bosi akasema. "Umeiharibu."

"Labda mashine ina hitilafu," wifi akanitetea.

"Haina," nikasema. Nilikuwa na uhakika. "Imefanya nilichosema. Nipe nafasi nyingine."

"Kwa sweta ya nani? Si yangu tena."

Nikavua aproni yangu ishonwe badala ya sweta, nikaiweka mezani. Ila kwanza nilichukua sindano ya mkono na kipande cha kitambaa, nikaanza kudarizi nembo ileile, huku nikisoma programu yangu kwa sauti, mstari kwa mstari. Nilichosoma ndicho nilichofanya. Ua likaisha. Mstari uliofuata ulisema nenda chini. Mkono wangu, bila kuambiwa, ukafunga fundo na kukata uzi.

Nikausimamisha mkono hewani. Kukata uzi sikukuandika popote! Nani anamwambia mdarizi akate uzi? Hata wifi na chaki yake alikuwa akiinua mkono mwenyewe kila akihama, na sote wawili hatukuliona hilo.

"Wifi, mashine gani wewe!" nikamfokea.

"Mashine yenye akili," akajibu. "Ndiyo maana nimekuponza."

Nikaongeza mistari miwili: kata uzi, nyanyua sindano. Nikaibana aproni kwenye mashine, nikabonyeza. Ua. Uzi ukakatwa. Sindano ikapita juu ya kitambaa bila kukigusa, ikatua, ikaanza kitabu. Kati yao hapakuwa na kitu.

Bosi akaichukua aproni, akaigeuza nyuma, akavuta uzi kwa kucha. Haukutoka. Akakivuta kiti cha mashine kwa mguu, akanisogezea.

"Kaa, fundi," akasema.

Miaka yote ameniita "wewe wa dirishani". Nikakaa, na machozi yakanitoka mbele ya watu, wala sikuyaficha.

"Taratibu, wifi," dada wa mume wangu akasema, akiisogeza kibodi mbali na uso wangu. "Hiyo inatumia umeme."

Nikajifuta kwa mkono wa gauni, nikaivuta kibodi irudi, nikaomba sweta nyingine.