Jicho Katikati ya Kioo

Katikati ya kioo hiki cha simu kuna kamera. Usiitafute juu ukingoni, kwenye kale katundu tulikokazoea. Iko katikati kabisa, chini ya nukta zilezile za mwanga zinazokuonyesha picha. Haya, itafute. Inamisha kioo, kisogeze dirishani, kipanguse, vaa miwani. Mimi nakungoja hapa nimekunja mikono, kwa sababu aliyeificha ni mimi, na sioni kwa nini nijifanye sijui kujisifu.

Chanzo cha yote ni baba yangu. Alikuwa refa wa mpira mpaka magoti yalipomgomea, na uwanjani hakuwa na ndugu. Baba mdogo, ambaye wamezaliwa naye tumbo moja, alikula kadi nyekundu kwenye fainali, na hadi leo wakikutana ugomvi ule unaanza upya. Baba anaamini kwamba mwongo hawezi kukutazama machoni. Nilipohamia mbali kwa ajili ya kazi, tukawa tunaonana kwa simu ya video, na kila tukionana maneno yalikuwa yaleyale.

"Mbona unaangalia chini?"

"Nakuangalia wewe, baba. Kamera iko juu, na uso wako uko chini yake. Nikikutazama, huko kwako naonekana nimeinamisha macho."

"Unanificha nini?"

"Jamani, baba! Sikufichi kitu."

"Hata wachezaji walikuwa wanasema hivyohivyo."

Nikiikazia macho kamera, yeye aliridhika, lakini mimi nilikuwa naongea na kitundu, sioni kama anacheka au amenuna. Siku moja akachoka. Kwa sauti ileile ya kumrudisha golikipa golini, akaniambia, "Wewe si ndiye mhandisi wa vioo? Basi hamisha kamera." Akakata simu.

Niliumia, nasema kweli. Baba yangu mzazi ananiona mwongo kwa sababu ya kitundu!

Kazini nilipotangaza kwamba nataka kamera katikati, wenzangu walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Kuificha ukingoni walau kunasameheka, macho hayakai sana huko. Katikati ndiko mtu anakotazama kutwa nzima, na doa dogo tu litaonekana kama mchuzi kwenye shati jeupe. Tena kamera inataka mwanga, na mwanga hauna pa kupita ila kwenye nafasi zilizo kati ya nukta. Ukizipunguza nukta, mahali pale panafifia na kila mtu anapaona. Ukizijaza, picha inatoka na ukungu, utadhani unaongea na mtu aliye bafuni kwenye mvuke.

Tulianza na doa. Badala ya kupunguza nukta, tulizifanya ndogo zaidi na kuziongezea mwanga, zikabaki idadi ileile. Doa likatoweka. Ukungu ukakaza uzi, na zaidi ya hapo, kila taa iliyoingia kwenye picha ilichomoza miale minne kama msalaba. Tulibadilisha hiki na kile, tukaambulia patupu, na wale waliocheka wakaanza kunionea huruma, jambo lililoniudhi kuliko kicheko.

Jioni moja nilikuwa sebuleni kwangu nimekaa tu, nimenuna. Taa ya duka la ng'ambo ya barabara ikawashwa, nikaiona kupitia pazia la neti: miale minne, msalaba uleule! Nikateremsha kichwa kidogo, hadi pale ambapo paka amelichakura pazia mpaka nyuzi zimekaa ovyo. Hapo taa ilionekana taa tu, haina mwale hata mmoja. Nilipanda na kushuka mbele ya lile pazia kama mtu aliyepandwa na wazimu. Vitundu vilivyonyooka na kulingana ndivyo vilivyokuwa vinautawanya mwanga kwa mistari. Kesho yake niliwaambia wenzangu tupindishe nyaya zote nyembamba zinazopeleka umeme kwenye nukta za pale katikati, na kila kitundu kilicho kati yake tukipe umbo lake. Wazo hilo ni langu. Ya paka ni makucha.

Bosi alikubali kutupa jaribio moja tu, tena kwa shingo upande. Mkaguzi wetu wa ubora, ambaye tunamwita Darubini kwa kuwa hakuna kinachompita, angeweka kidole mara moja mahali anapodhani kamera ipo. Akiipata, kamera inarudi ukingoni na mradi wangu unazikwa. Akiikosa, nipige simu, na wa upande wa pili aseme kama picha ina ukungu.

"Utampigia nani?" bosi akauliza.

"Baba yangu."

"Ndiyo nini sasa? Baba atamwangusha mwanawe?"

"Bosi, huyo alimtoa mdogo wake fainali."

Darubini akawasha kioo cheupe, kisha cha kijivu, kisha cheusi. Akakiinamia mpaka pumzi yake ikakitia mvuke. Kidole chake kilitembea polepole, kikafika penyewe hasa, kikasimama. Nikatazama dari, maana macho yangu yangemwaga mtama, na hapo nikajua baba hakukosea sana kuhusu waongo. Kidole kikasogea, kikatua kwenye kona.

"Hapa."

"Hapo ni vumbi," nikasema, nikalipangusa kwa mkono wa shati.

Nikapiga simu. Kwanza ilionekana pua, kisha kidevu, kisha baba mzima kwenye kiti chake, na simu yake ya zamani mkononi. Nikamtazama machoni.

"Mzee, shikamoo. Picha ina ukungu?" bosi akauliza.

Baba alikunja uso.

"Mzee?"

"Nani huyo?"

"Bosi wangu, baba."

"Mwambie anyamaze kidogo."

Darubini akageukia ukuta ili asicheke. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania ukingo wa meza, nikimngoja mtu ambaye hajawahi kunipendelea katika maisha yangu yote.

"Naona mpaka lile kovu la nyusi, ulipoanguka na baiskeli," baba akasema mwishowe. "Hakuna ukungu. Huyo bosi ameshasikia?"

"Nimesikia, mzee," bosi akajibu, akamgeukia Darubini. "Inabaki katikati."

Nilitaka kupiga kelele, lakini baba alikuwa hajamaliza.

"Unanitazama," akasema, sauti imeshuka.

"Nakutazama, baba."

"Na unaniona?"

"Nakuona vizuri kabisa."

Sasa yule mwenye kamera juu alikuwa yeye. Kwenye kioo changu alikuwa ameinamisha macho kama mtu mwenye hatia, na mimi nina roho ya utani.

"Mbona wewe unaangalia chini? Unanificha nini?"

Wenzangu walivunjika mbavu. Baba hakucheka. Alifikiri, akauliza, "Kamera ya hii simu yangu iko wapi?"

"Juu. Hako katundu."

Akavua miwani. Akaiinua simu, akaisogeza, akaisogeza tena, mpaka jicho lake moja likajaa kwenye kioo chote, jeusi, na mishipa yake myekundu pembeni.

"Baba, ukikaa hivyo hunioni."

"Nimeshakuona," akasema. "Sasa nakutazama."

Jicho likafumba, likafumbua, limejaa machozi, na hakuyafuta.

"Tazama vizuri, mwanangu. Sikufichi kitu."