Ginko Asubuhi ya Sakitu

"Jua limeshatoka?" baba aliniuliza, na jua lilikuwa limemjaa usoni.

Nilikuwa nimejifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera, langoni mwa hekalu, nikihangaika na kioo cha kulengea. Nikachungulia nje. Mwanga ulikuwa unampiga moja kwa moja machoni, nayo yalikuwa wazi, hayapepesi. Tangu kiangazi alikuwa akiniambia anaona ukungu tu, kama mtu aliye bafuni kwenye mvuke, na kwamba daktari anazidisha chumvi. Nilijua hapo. Baba yangu alikuwa haoni kitu.

"Linakaribia, Baba," nikasema.

Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilirudi kutoka jijini Sendai kumzika mama, nikaahidi kukaa mwezi mmoja, na mwezi ule ulikuwa umeingia mwaka wa tatu. Studio ya picha ya baba tulikwisha kuifunga. Watu walikuwa na kamera zao za mfukoni, na hakuna aliyetaka tena kukaa wima mbele ya baba, Kumagai Iwao, akiambiwa asipumue. Ilibaki kamera kubwa ya mbao, na desturi moja. Kila majira ya kupukutika majani, baba alipanda hekaluni alfajiri kuupiga picha mti wa ginko, kipande kimoja tu cha filamu, kikubwa kama jalada la kitabu. Alianza mwaka aliooa. Mama ndiye aliyekuwa akimhesabia sekunde za kuiacha lenzi wazi.

"Safari hii wewe uwe macho yangu," aliniambia jioni ya kuamkia siku ile. "Mimi nitafyatua."

Lakini usiku huo sakitu ya kwanza, ule umande wa barafu, ikaanguka. Ginko haupukutiki kidogo kidogo kama miti mingine. Baridi ikiubana, huachia majani yote kwa asubuhi moja. Tulipofika langoni mti ulikuwa mtupu, mweusi, umesimama katikati ya dimbwi la manjano. Baba alikuwa ameshika ukingo wa mkoba wangu, kama mtu anayenisaidia kuubeba. Sikumwambia. Nikafungua kamera pale pale langoni, tusije tukakanyaga majani akayasikia.

Ndani ya kioo kila kitu huonekana kichwa chini. Majani yalikuwa juu kama wingu la dhahabu, na mti unaning'inia kutoka humo, mifupa mitupu.

Mama Okiyo, mke wa kuhani, akatokea na ufagio wake.

"Mzee Kumagai, mwaka huu mti ume..."

Nikaweka kidole mdomoni. Akanitazama, akamtazama baba.

"Ume nini?" baba akauliza.

"Umeniletea kazi."

"Basi mbona hufagii?"

"Ngoja nipumzike. Mgongo wa mke wa kuhani nao ni mgongo."

Baba alicheka. Kisha akainua kidevu, akasikiliza. "Fumie. Majani yakoje?"

"Yamejaa, Baba. Halijaanguka hata moja."

"Upepo?"

"Hakuna."

"Weka filamu, basi."

Niliiweka. Ginko wenye majani hung'aa. Marehemu mama alikuwa akihesabu sekunde moja tu, na moja ilitosha. Shina lile tupu, lililolowa, lilitaka tatu. Nikihesabu moja, uongo wangu ungebaki mzima na picha ingeharibika, nayo pengine ndiyo ya mwisho kwake. Nikihesabu tatu, angejua. Baba alikuwa amesimama na waya wa kufyatulia mkononi, nadhifu ndani ya koti alilokuwa akivaa kupiga picha harusi za watu, uso ameuelekeza kando kidogo ya mti.

"Sasa," nikasema. Akabonyeza.

"Moja."

Kidole gumba chake kilijikaza, tayari kuachia.

"Mbili," nikasema. Hakuachia. "Tatu."

Akaachia. Mama Okiyo aliinamisha kichwa, akaondoka na ufagio wake bila kufagia.

Picha ilitoka vizuri. Niliisafisha mwenyewe katika chumba cha giza, nikamwekea mezani, naye akapitisha vidole pembezoni mwake akauliza kama weupe wa anga haukuungua kwa mwanga. Nikasema haukuungua. Aliishi majira manne zaidi ya baridi, na hatukuzungumza kamwe juu ya majani wala macho. Mimi sikurudi Sendai. Sasa nimemzidi umri aliokuwa nao siku ile, na nyumba hii haina wa kuniuliza jua limetoka au bado.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni tulivyoondoka. Nilikunja miguu ya kamera, nikatundika mkoba begani, nikatangulia kuelekea kwenye ngazi za mawe. Sikusikia hatua zake. Nilipogeuka alikuwa bado langoni, amenyoosha mkono mbele yake hewani, wazi, bila kuficha, akiningoja nije niushike.