Rimu Zilizotangulia Gari

Nekoye alinunua magurudumu kabla ya gari. Mtaa mzima wa Kaptembwo ulimcheka hadi ukachoka: fundi wa pancha, hana hata baiskeli, na ukutani mwa chumba chake zimeegemea rimu nne za sporti, rangi ya shaba, na matairi yake mapana, zote za Subaru iliyopinduka huko Elburgon. Yeye alijibu kwamba gari lingefuata.

Kisha ikaja Januari ya 2008 na moto wa ghasia za baada ya uchaguzi. Kibanda chake cha kazi kikabomolewa, kompresa yake ya upepo ikabebwa. Tangu hapo alijaza upepo kwa pampu ya mkono, na madereva hawana subira na pampu ya mkono. Mwezi Agosti Gautam, mwenye duka la vyuma mjini, alikubali kumwekea kompresa kuukuu hadi Jumamosi saa saba mchana. Ikipita hapo, angemuuzia mwingine. Jumamosi ilipofika, Nekoye akazibingirisha rimu zake nje aziuze.

Jirani yake Karanja, muuza viatu vya mitumba, alimpa ushauri wa bure: ayapake matairi rangi ya viatu, kama wafanyavyo wauzaji wote. Nekoye akapaka mpaka yakang'aa kama buti za polisi siku ya gwaride.

Mnunuzi alifika saa nne kutoka Njoro. Alikuwa Mzee Kamaljit, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe, aliyeendesha magari ya mashindano ujanani na hadi sasa hakuwa na gari jingine ila Subaru. Aligusa tairi, akakitazama kidole chake cheusi, akageuka kurudi garini.

"Mama, umepaka ili nisione nini?"

Karanja akazama katika kupanga viatu. Nekoye aliiona kompresa ikimponyoka. Akamwomba mzee dakika kumi, akaleta ndoo, sabuni na burashi, akayasugua matairi yote mbele yake, maji meusi yakikimbilia mtaroni. Nyufa zikajitokeza, nyembamba kama nywele, ubavuni mwa kila tairi. Na kwa kuwa ameshaanza kusema kweli, akaimalizia: rimu moja ilipinda kwenye ajali, akainyoosha mwenyewe kwa moto na nyundo ya mbao.

"Ni ipi?"

"Itafute, mzee. Ukishindwa nitakuonyesha."

Mzee alicheka, akatoa jeki. Walizifunga kwenye Subaru moja baada ya nyingine, Nekoye akikaza nati, mzee akizungusha huku ameshika chaki karibu na ukingo. Rimu iliyopinda huguswa na chaki upande mmoja tu. Ya kwanza ilichorwa mstari mzima, ya pili vilevile, hadi ya nne. Akarudia zote, kisha akainua mikono kukubali kushindwa, na Nekoye akaigonga ya tatu kwa kidole.

Mzee aliipapasa kwa muda.

"Nani alikufundisha?"

"Mashimo ya barabara ya Elburgon. Kila wiki yananiletea rimu mbili zilizopinda."

Alizitaka rimu zote nne, na akasema ana nyingine sita nyumbani ambazo mafundi wa mjini wameshindwa kuzinyoosha, angezileta Jumatatu. Matairi aliyakataa. Kwa mwendo wake, alisema, nyufa zile zingemzika. Bei ikashuka, pesa zikapungua kidogo, na kompresa ikabaki mbele kidogo tu ya mkono wa Nekoye.

Hakubembeleza. Aliyang'oa matairi kwa vyuma vyake, akaiangalia Subaru ikiondoka na rimu zake kwenye buti. Kisha akamwambia Karanja aache viatu abingirishe mawili.

Walishuka hadi kwa watengenezaji wa mikokoteni ya punda. Nekoye alianza kwa kuwaonyesha nyufa. Wakamjibu kwamba punda wao hawashindani na mtu, wakayanunua yote.

Saa saba kasorobo Gautam alimaliza kuhesabu pesa za Nekoye, akachomeka waya ukutani. Kompresa ikakohoa, ikanguruma, na sindano ya kipimo ikaanza kupanda.